Kulainisha Teke

Mkuyuni, 3 Aprili

Kaunta buku hili nimelinunua leo kwa amri ya fundi Kasiani. Amesema hagusi gari mpaka niwe na mahali pa kuandika, kwa sababu mimi ni mtu wa kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo halafu sijui kipi kimesaidia. Kitu kimoja, safari moja, andika. Kasiani ni mtu wa Gairo, nchi ya tambarare, na anapenda kutufundisha sisi watu wa milimani namna ya kuishi. Nimekubali kwa sababu nina shida.

Shida nimejitafutia mwenyewe. Jumapili tulikaa kikao mjini Morogoro, nyumbani kwa dada yangu Hidaya, kupanga harusi ya binti yake Yasmin na kijana anayeitwa Stambuli. Siku ni tarehe 24 Mei. Mimi ndiye mjomba wa bibi harusi, na kwetu Waluguru mjomba hakai kikaoni kama pambo. Wazee wa upande wa Stambuli wakauliza kwa adabu kama bibi mzaa mama atakuwepo, maana wamesikia kwamba katika ukoo wetu bibi ndiye anayempaka mwali mafuta na kumshika mkono kumvusha kizingiti. Wote wakanigeukia. Nikasema, tena kwa sauti ya juu, kwamba Mama nitamleta mimi mwenyewe kwa gari.

Hidaya alinitazama hadi chai ikapoa. Mama yangu, Bi Mwanvita, hajashuka kutoka Lugala, kijiji chetu cha juu mlimani, kwa miaka mitatu. Mara ya mwisho aliteremka na Landrova hii hii, ikiendeshwa na kaka yake, Mjomba Abdulswamad. Kwenye makorongo chini ya shule gari lilirusha matako, Mama akaenda juu, akarudi chini vibaya, akaumia mgongo. Alilala miezi minne. Sasa anatembea na analima bustani yake, ila gari hapandi, na pikipiki masika haifiki kule. Machela hataki kuisikia, anasema hiyo ni ya wagonjwa na maiti, na yeye si yeyote kati ya hao.

Gari lenyewe watu wanaliita Teke. Sina haja ya kueleza kwa nini.

5 Aprili

Kabla ya kumsikiliza Kasiani nilitaka nijaribu akili yangu. Nimeweka magodoro mawili ya sponji kwenye kiti cha mbele, nikamkalisha mke wangu Shamsia, tukaenda hadi mtoni na kurudi. Magodoro yalimpokea vizuri sana na kumrudisha juu vizuri zaidi. Amegonga kichwa kwenye bati mara nne. Aliposhuka alinishauri nimnunulie Mama helmeti.

6 Aprili

Mvua kutwa.

8 Aprili

Kasiani ameingia chini ya Teke na kucheka huko huko chini. Alipotoka alinipa ripoti akinawa mikono kwa dizeli. Matairi yamejazwa upepo wa kubebea tani mbili hata gari likiwa tupu. Shokapu ya kushoto imekufa, ya kulia imeganda. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zimekwisha. Springi za nyuma majani yake, zile bapa ndefu za chuma, yameshikana kwa kutu na udongo hata hayatelezi tena, yamekuwa chuma kimoja.

Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona. Kila upande, chini ya majani ya Landrova, kuna majani mawili mazito ya lori. Mjomba aliyaongeza enzi zile alipokuwa anashusha mbao. Kasiani amesema hayo ndiyo yanayorusha watu, kwa sababu gari la kubeba ndizi na abiria halina uzito wa kuyafanya yapinde. Lakini amesema hayo tuyaache mwisho, baada ya kuongea na mwenye gari.

Mwenye gari si mimi. Mjomba alilinunua kwa jasho lake, na kwetu mali ya mjomba inakwenda kwa watoto wa dada, kwa hiyo mimi naendesha. Lakini ni mali ya ukoo, na maadamu Mjomba yuko hai, neno ni lake. Hata redio niliomba ruhusa.

Kipimo chetu ni ndoo ya lita kumi, imejaa hadi ukingoni, inakaa kwenye kiti cha Mama kuanzia shule ya Lugala hadi daraja la chini. Kinachobaki nakiandika. Leo, kabla ya kubadilisha chochote: imebaki robo, na viatu vyangu vimelowa.

10 Aprili

Nimepunguza upepo. Ndoo: robo na kidogo. Shamsia anasema "na kidogo" nimeongeza mimi.

14 Aprili

Mto umepanda juu ya daraja. Hakuna safari. Nimekula magimbi na kulala.

16 Aprili

Shokapu mpya mbili nyuma, za gari lenyewe. Tofauti niliihisi kabla sijafika mtoni. Zamani Teke akiruka mara moja anaendelea kuruka peke yake hadi achoke. Sasa anaruka, anatulia. Ndoo: nusu.

Abiria wameanza kufuatilia. Mzee mmoja wa msikitini aliomba yeye ndiye aishike ndoo, nikamkatalia kwa sababu atailea. Wanaoshuka wanapishana na wanaopanda na kuulizana imebaki kiasi gani.

19 Aprili

Nimelala Lugala kwa Mama. Asubuhi nilimwomba akae tu kwenye gari likiwa limezimwa, azoee. Alipanda taratibu, akaniagiza chai, akainywa yote humo ndani akitazama ukungu ukipanda bondeni. Nikamwuliza anaonaje. Akasema likiwa limesimama ni gari zuri sana, na kama harusi inaweza kuletwa uani kwake yeye yuko tayari.

Nikamwambia basi tumlete Yasmin huku, ampake mafuta hapa. Hapo aliacha utani. Alisema kizingiti ni cha nyumba ya mama wa mwali, si cha nyumba yoyote, na yeye mwenyewe alivushwa hivyo, na Hidaya alivushwa hivyo, na akitaka kufika atafika kwa kukaa kitako kama mtu mzima. Kumbe anataka kuja. Nilikuwa sijui kama anataka kiasi hicho.

Mjomba alipita kumsalimia wakati tunaongea. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo, anapita kila siku. Anasimama uani, anauliza habari za mgongo, anajibiwa, anaondoka. Miaka mitatu hajakaa kwenye kiti nyumbani kwa Mama. Mimi nilidhani ni maringo ya uzee.

22 Aprili

Nimemwomba Mjomba ruhusa ya kutoa majani ya lori. Nilimpa shikamoo yenye heshima zote, nikamweleza habari ya shokapu na ya ndoo. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Jibu lake lilikuwa fupi: "Gari halina kosa."

Nikajaribu tena kwa njia nyingine. Akasema gari lile limeshusha mbao za nusu ya nyumba za Mkuyuni, na aliyeliongezea nguvu alijua anachofanya. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimeteremka na hasira. Huyu ni mzee anayependa chuma kuliko ndugu yake wa tumbo moja. Naandika hivyo na sifuti.

26 Aprili

Bushi mpya. Tumefungua springi, tumeyasugua majani kwa brashi ya waya na kuyapaka grisi, tukayarudisha yote, na ya lori pia. Ndoo: nusu na vidole viwili, na safari hii vidole si vyangu, ni vya Kasiani.

30 Aprili

Yasmin amepiga simu. Amesema kwa upole kabisa kwamba kama bibi yake hayupo mlangoni, yeye hatoki ndani, na wageni watakula pilau warudi kwao.

4 Mei

Leo nimefanya jambo, nalo limefana, kwa hiyo sijutii.

Niliweka Teke juu ya mawe nyuma ya nyumba, nikatoa yale majani mawili ya lori kila upande. Kasiani hayupo, amekwenda kwao Gairo kwenye msiba. Yale mawili yalipotoka nikayatazama yaliyobaki, nikafikiri: kama kutoa mawili ni raha, kutoa manne je? Nikatoa na mawili ya gari lenyewe kila upande.

Shamsia alikuwa anachambua mchele barazani. Aliniuliza kama Mjomba amekubali. Nikamwambia Mjomba atakubali akishaona. Akarudi kwenye mchele wake, na angesema neno ningemjibu.

Nimekwenda hadi Kiroka, njia ya kwenda mjini, na kurudi, gari tupu, na niliimba njia nzima. Linatambaa. Ndoo imerudi imejaa hadi kwenye shingo. Kesho kutwa napanda mlimani.

6 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwa kuinama, maana hata mimi mgongo unauma.

Kupanda kulikwenda salama kwa sababu nilikuwa na watu watatu tu. Kushuka nilikuwa na watu tisa na mikungu ya ndizi hadi kwenye paa. Teke alikaa chini kama mbuzi aliyekataa kwenda mnadani. Nikajiambia atanyanyuka njiani. Hakunyanyuka. Kila jiwe, chesisi inagonga eksili, na kile kishindo kinapanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama hii ndiyo ile Teke iliyolainishwa.

Mvua ilianza tulipopita shule. Kwenye makorongo yale yale, jani kuu la kulia likakatika. Nililisikia likikatika. Eksili ikarudi nyuma, gari likalala upande wa bonde, gurudumu likasimama hatua mbili kutoka kwenye ukingo. Watu walitoka mmoja mmoja kwa upande wa juu, hakuna aliyelia, hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Nilifikiri kiti kile cha mbele na nani angekikalia siku mbili kabla ya harusi.

Habari Lugala hazihitaji simu. Baada ya muda nikamwona Mjomba anateremka na mwavuli, viatu mkononi. Alichuchumaa, akaangalia chini ya gari, na nikaona midomo yake ikihesabu majani. Nikasubiri aseme. Alimpa mtu mwavuli, akavua kofia yake ya msikitini akaikunja mfukoni, akalala chali kwenye tope.

Ana miaka sabini na nne. Aliagiza gogo la mkaratusi na mnyororo, akalipachika gogo kati ya chesisi na eksili, akalifunga yeye mwenyewe huku akituelekeza wapi tuinue na wapi tushike. Ilichukua muda mrefu. Alipotoka alikuwa udongo mtupu, akaniambia nishuke na gia ya kwanza hadi Mkuyuni na nisiguse breki bila sababu. Akaongeza kwamba Ijumaa baada ya swala kuna kikao cha ukoo nyumbani kwa Mama.

Nimefika na gogo. Shamsia amenikanda mgongo kwa mafuta ya nazi.

9 Mei

Nimepanda Lugala kwa miguu, saa nne za tope, nikitayarisha maneno ya kujitetea. Hidaya alikuja pia, kutoka mjini, na alitembea nami kuanzia mtoni akinisema.

Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye sebule ya Mama. Ajenda ilikuwa mimi. Mjumbe mmoja baada ya mwingine alisema nimefungua mali ya ukoo bila ruhusa, nimehatarisha roho za watu, ufunguo upewe mwingine. Nilikubali kila kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kweli. Niliomba tu kwamba ufunguo wauchukue baada ya tarehe 24.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. Ikafika zamu yake. Mama ndiye aliyesema, akiwa amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha.

"Kaka, ingia ndani. Mvua inakunyeshea."

Akasema anaona vizuri pale alipo. Mama akarudia, akamwita safari hii kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia na sitaliandika hapa. Mjomba akaingia. Akakaa chini kwenye mkeka, karibu naye, na nilivyomwona anakaa nikajua haikuwa maringo. Alikaa kwa uoga.

Kisha alisema maneno haya, na nimejitahidi kuyaandika kama yalivyotoka:

"Huyu mtoto amekosa, lakini alikuja kuniomba ruhusa nikamnyima. Nilimwambia gari halina kosa. Kama gari halina kosa, basi mgongo wa mdogo wangu ulijivunja wenyewe. Nikisema majani yatolewe, nimesema mimi ndiye niliyeyaweka, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Nimeshindwa kulisema hilo miaka mitatu. Leo nalisema. Nisamehe, Mwanvita."

Hidaya alianza kulia. Mimi pia, nimekwisha kuwa mtu mzima na nimelia mbele ya ukoo mzima. Tulidhani ameacha kuendesha kwa sababu macho yake yamechoka, ndivyo alivyosema siku ile aliponipa ufunguo, kesho yake tu baada ya Mama kuumia.

Mama alimshika mkono. Alisema alikwisha kusamehe kabla hata hajainuka kitandani, ila kila akitaka kumwambia, mwenzake yuko uani amesimama, na yeye hawezi kupiga kelele za mambo kama hayo dirishani. Watu wakacheka, Mjomba naye akacheka na kujifuta uso kwa kanzu. Wakaleta chai na mihogo. Alikunywa vikombe vitatu hapo hapo kwenye mkeka.

Uamuzi wa kikao: majani ya lori yasirudishwe, ya gari yarudi yote, ufunguo ubaki kwangu, na nisiguse tena spana pasipokuwa na fundi.

12 Mei

Mjomba ameshuka Mkuyuni. Kasiani amerudi msibani na ameleta jani kuu jipya kutoka mjini. Nilitaka kumsimulia yaliyotokea, akasema ameshayasikia akiwa Gairo.

Wale wawili wameelewana tangu salamu. Mjomba aliketi kwenye kigoda gerejini, akaomba apewe majani, akayasugua moja moja, akayapaka grisi kwa vidole kwa uangalifu mkubwa. Kasiani aliniambia kwa siri kwamba hajawahi kuona grisi iliyopakwa kwa heshima hivyo. Yale manne ya lori Mjomba ameyauza kwa mhunzi wa majembe bila kuyatazama mara ya pili.

15 Mei

Ndoo: imebaki robo tatu gari likiwa tupu. Kasiani akasema springi hupenda uzito wa kadiri, nitie watu. Nikawaomba Shamsia na wenzake watano wa sokoni, wanawake wenye afya zao, wapande nyuma hadi Lugala na kurudi. Walivaa kama wanaokwenda sherehe na waliimba kwenye kila kona. Kwenye makorongo walinyamaza wote kwa pamoja, tukapita, wakaanza tena wimbo pale pale walipoachia.

Ndoo imefika imejaa. Pungufu ya kikombe. Kasiani ameitazama, ameiinua, amekunywa, kisha amekwenda kula.

18 Mei

Mvua imekatika. Hidaya amepiga simu mara sita kuuliza kuhusu mvua ambayo imekatika.

22 Mei

Tumemteremsha Mama.

Nilifika Lugala asubuhi nikiwa na Shamsia na wenzake watano kwa ajili ya uzito. Mama alikuwa tayari tangu alfajiri, amevaa baibui jipya, chupa ndogo ya mafuta ya mwali ameifunga kwenye kitambaa na kuishika kifuani. Alisimama mbele ya mlango wa gari muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Alipoona namtazama, akaniambia nitazame mbele.

Mjomba alipanda kwanza, akakaa katikati, upande wangu. Kisha Mama akapanda, kandokando yake. Kanuni nilizopewa zilikuwa mbili, gia ya pili na mdomo kufungwa. Wale wanawake nyuma nao waliambiwa wasiimbe.

Shule ikapita. Makorongo yakafika. Nilikuwa nimeshika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Gurudumu la mbele likashuka, likapanda, la nyuma likashuka, na Teke akainama upande mmoja, akainuka polepole, akatulia. Ndio basi. Nikasikia nyuma wakishusha pumzi.

Nikamwangalia Mama. Alikuwa amefumba macho. Nikakanyaga breki, na Mjomba akanipiga kofi pajani. Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea bega la kaka yake, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Usiku mzima hakupata usingizi kwa kuogopa, Shamsia aliambiwa hivyo baadaye, na uoga ulipomtoka akazimika.

Mjomba hakujisogeza hata kidogo. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta kwa kuogopa kumwamsha Mama. Akaninong'oneza: "Endesha, mpwa wangu. Usisimame popote."

Sasa, Mkuyuni kulikuwa na watu. Nusu ya soko walikuwa wamejipanga barabarani na ngoma kumpokea Bi Mwanvita, miaka mitatu hawajamwona. Mjomba alipowaona kwa mbali akainua mkono nyuma ya kioo cha mbele, akaweka kidole mdomoni. Mpigaji alikuwa ameshainua fimbo. Akaishusha. Tukapita katikati ya watu mia na ushei, wote kimya, wanapunga khanga bila sauti, wengine wamejiziba midomo wasicheke. Mama aliamka Kiroka. Aliuliza kama Mkuyuni bado mbali.

24 Mei

Harusi. Nimechoka vizuri.

Nitaandika kimoja tu. Saa nane mchana mlango wa chumba ulifunguliwa, Yasmin akatoka amefunikwa, na Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti kwa miguu yake mwenyewe. Alimpaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, taratibu, hakuna kitu alichokiruka. Alimwambia maneno sikioni. Kisha akamshika mkono, akaanza yeye kuvuka, mguu wa kulia, na Yasmin akamfuata. Vigelegele vilipigwa hadi mtaa wa pili. Stambuli, bwana harusi, alikuwa amesahau kusimama, akainuliwa na rafiki yake.

Hidaya alinikumbatia mbele za watu na kunisamehe kwa mambo mengi, mengine ya tangu shule ya msingi.

27 Mei

Leo tumemrudisha Mama Lugala. Tulikuwa tumekwisha kupakia, sukari, vitenge alivyotunzwa, sufuria ya pilau iliyobaki. Nikafungua mlango wa dereva. Mama akasema siendeshi mimi.

Akamgeukia Mjomba. "Kaka, nirudishe wewe."

Mjomba akasema macho yake siku hizi si mazuri. Mama akamkumbusha kwamba Ijumaa alimsaidia kutunga shanga za Yasmin, akapitisha uzi mwembamba kwenye tundu la sindano, mara moja tu, bila miwani. Mjomba akatafuta sababu nyingine, akaikosa. Alinitazama mimi. Nikampa ufunguo, nikapanda nyuma na sufuria.

Aliwasha. Alisubiri hadi Mama akae sawa, akamwuliza kama yuko tayari, akamwuliza tena. Barabara ilikuwa imekauka na machungwa yameanza kuiva pembeni. Alipofika kwenye makorongo alipunguza mwendo, akapunguza tena, hadi nikawa nasikia ndege nje. Mama akamwuliza kama gari limezimika. Mjomba akacheka, akakanyaga mafuta.